Asilimia kwanza, saini baadaye: barua ya wazi kwa wanaosimamia mafao ya askari wenye ulemavu

Kwa mawaziri wa ulinzi, wakuu wa utumishi majeshini, bodi za tiba na wakurugenzi wa mifuko ya pensheni.

YAH: MPANGILIO WA MALIPO KWA ASKARI WANAOACHISHWA KAZI KWA ULEMAVU

Waheshimiwa,

Kazi yetu ni mafaili ya askari wanaodai mafao ya ulemavu. Tunayafungua, tunayajaza, tunayapeleka kwenye bodi, na yakirudi yamekataliwa tunayakatia rufaa. Kutokana na mafaili hayo tuna ombi moja kubwa, na mengine yote yaliyomo kwenye barua hii ni vipande vyake. Askari mwenye ulemavu asipewe kalamu ya kusaini uamuzi wa fedha usiobatilishika kabla mambo mawili hayajatimia: asilimia ya ulemavu wake iwe imethibitishwa kwa maandishi, na pensheni yake ya kwanza ya mwezi iwe imeingia kwenye akaunti.

Mifumo mingi inakwenda kinyume na hapo. Mshahara unakatika mwisho wa mwezi wa kuachishwa. Fomu ya mkupuo, ya kuuza sehemu ya pensheni kwa malipo ya mara moja, inatolewa siku ileile ya kurudisha sare na vifaa, imebanwa pamoja na fomu nyingine kumi, na karani anaonyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa. Bodi ya tiba inakaa baadaye, pengine baadaye sana. Uamuzi mzito kuliko yote unafanyika katika wiki ambayo mtu ana taarifa chache na shida nyingi. Mfa maji hushika maji. Asiye na mshahara wala pensheni atashika chochote kilichoandikwa "mkupuo".

Tuiweke hesabu mezani. Chukueni pensheni ya 1,000 kwa mwezi, fedha ya nchi yoyote. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia mafao, kinamruhusu mwenye nayo kuuza robo yake kwa thamani ya miaka 10: yaani 250 mara 12 mara 10, sawa na 30,000. Anaondoka na 30,000 mkononi, na pensheni inayobaki ni 750. Hata pensheni isipoongezwa senti, mwisho wa mwaka wa 10 atakuwa ameurudisha mkupuo wote kwa njia ya fedha asizopokea. Ikiongezwa asilimia 5 kila mwaka, anafika hapo katika miaka 8 na miezi kama minne. Kwa anayestaafu akiwa na miaka 62, hilo laweza kuwa dau la kuzungumzika. Kwa aliyekanyaga bomu akiwa na miaka 30, halafu akajaliwa kuishi hadi 70, ni 3,000 kila mwaka kwa miaka 40: ameacha 120,000 ili apate 30,000, na hapo nyongeza hatujazitia. Ili mkupuo huo uzae 3,000 kila mwaka bila wenyewe kuguswa, unahitaji faida ya asilimia 10 baada ya kodi na ada, mwaka hadi mwaka, mikononi mwa mtu ambaye mwaka huohuo anajifunza upya kutembea.

Hatusemi mkupuo ni haramu. Una kazi zake, na tutazitaja. Tunachokataa ni kikokotoo kimoja kutumika kwa mzee wa 62 na kijana wa 30, na wote wawili kupewa muda uleule wa kufikiri, ambao kwa kawaida ni dakika tano.

Njia hii ya mkupuo imeshapitiwa na wengine. Tarehe 1 Aprili 2006 Canada iliacha kuwalipa wanajeshi wake wenye ulemavu mpya pensheni ya kila mwezi, ikaweka badala yake malipo ya mara moja. Kwenye karatasi ilikuwa nadhifu: mtu apewe chake, ajengewe uwezo, arudi kazini. Manung'uniko hayakuisha, mengine yakafika mahakamani, na tarehe 1 Aprili 2019 malipo ya mwezi ya maisha yakarudishwa, mhusika akiwa na hiari ya kuchagua. Miaka 13. Katikati yake, mwaka 2016, ofisi inayopokea malalamiko ya wanajeshi wa nchi hiyo ilipendekeza jambo ambalo sisi tungelichonga kwenye jiwe: anayeachishwa kwa sababu za kiafya asitolewe jeshini hadi mafao yake yote yawe tayari.

Mtauliza: na kama bodi inachelewa kwa sababu za kweli, kwa kuwa jeraha lenyewe halijatulia? Kwa hilo pia dawa ipo. Marekani ina orodha ya kustaafu kwa muda: askari ambaye hali yake bado inabadilika anawekwa humo, analipwa angalau kwa kiwango cha asilimia 50, anapimwa upya angalau mara moja kila miezi 18, na sharti hatima yake iamuliwe ndani ya miaka 3. Uingereza, katika mpango wake wa fidia ulioanza Aprili 2005, inaruhusu tuzo ya muda pale madaktari wanaposema bado mapema kujua mwisho wa jeraha. Nchi hizo mbili hazilingani kwa mengi, lakini zote zimekubali kwamba kungoja jeraha litulie hakumaanishi mtu angoje kula.

Tukija kwenye asilimia yenyewe, hapa ndipo tunapoomba mtuvumilie, maana ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Kosa la kwanza ni kudhani asilimia zinajumlishwa kama hesabu ya sokoni. Mfumo wa Marekani, ambao wengi wameuiga kwa namna moja au nyingine, unahesabu kinachobaki. Jeraha la asilimia 50 linaacha mtu na 50. Jeraha la pili la asilimia 30 linakata 30 ya hiyo 50, yaani 15, jumla inakuwa 65. La tatu la asilimia 20 linakata 20 ya 35 iliyobaki, yaani 7, inakuwa 72. Kisha inasogezwa kwenye kumi iliyo karibu: 70. Askari aliyejumlisha mwenyewe akapata 100 anaiona barua ya 70 anaamini ameibiwa. Hajaibiwa, ila hakuna aliyemweleza, na rufaa yake ya hasira itakaa mezani mwenu mwaka mzima bila faida kwa yeyote. Nusu ukurasa wenye hesabu hii, ukiambatanishwa na barua ya uamuzi, ungepunguza rufaa hizo.

Sasa tazameni upande wa pili. Mtu huyohuyo ana mlio masikioni ambao hakuutaja, kwa sababu ukilinganisha na mguu uliokatwa, mlio ni aibu kuutaja. Katika kipimo hicho mlio unaostahili unapewa asilimia 10. Kumi ya 28 iliyobaki ni 2.8, 72 inakuwa 74.8, inahesabiwa 75, na 75 inasogezwa juu: 80. Jambo dogo alilolimeza limempunguzia ngazi nzima ya malipo, mwezi hadi mwezi, maisha yake yote. Na mlio masikioni ndio ulemavu unaolipiwa watu wengi kuliko wowote miongoni mwa maveterani wa Marekani. Daktari wa bodi asiulize "una tatizo lingine?" Jibu la askari kwa swali hilo ni "hapana, afande." Aulize kwa kiungo: masikio, macho, meno, mgongo, nyonga, usingizi, mkojo, tendo la ndoa, hasira. Dakika 40 zinatosha.

Kipimo cha masikio kisifanywe asubuhi ambayo mtu ametoka kwenye mlindimo wa jenereta au uwanja wa shabaha. Akae mbali na kelele angalau saa 14, vinginevyo mtapima uchovu wa sikio badala ya sikio. Matokeo yawekwe kando ya yale ya siku alipoandikishwa. Kelele huacha alama yake kwenye masafa ya sauti kati ya hezi 3,000 na 6,000, mara nyingi bonde karibu na 4,000, na bila kipimo cha mwanzo hakuna wa kuthibitisha kwamba bonde hilo lilichimbwa kazini.

Kosa la pili ni kupima mara moja na kufunga faili. Kiwewe cha vita kinaweza kujitokeza kikamilifu miezi 6 au zaidi baada ya tukio. Askari aliyepimwa wiki ya kuondoka anaandikwa mzima, akija kulalamika mwaka wa pili anaambiwa mbona siku ile hukusema. Aliyekatwa mguu mmoja anahamishia uzito kwenye mwingine, na baada ya miaka goti zima na mgongo vinaanza kudai. Maumivu hayo ni mtoto halali wa jeraha la kwanza. Fomu ya kuongeza tatizo linalotokana na jeraha lililokwisha kukubaliwa iwe ukurasa mmoja, isimtake mtu aanze upya tangu namba ya utumishi. Upande mwingine wa jambo hilohilo: kuna vitu visivyobadilika. Mguu uliokatwa hauoti. Kumwita mwenye nao kila mwaka bodi ihakikishe kama bado haupo ni kupoteza nauli yake na muda wa daktari.

Faili. Dai la ulemavu husimama kwa miguu mitatu: tukio kazini, ugonjwa au jeraha lililopo leo, na maneno ya daktari yanayounganisha hayo mawili. Mguu unaokosekana mara nyingi ni wa kwanza. Ripoti ya tukio imeandikwa "aliteleza", basi. Hakuna mahali, saa, amri iliyokuwa ikitekelezwa, wala jina la aliyekuwa karibu. Kituo cha huduma ya kwanza kilimfunga bendeji, daftari lake likabaki kambini, kambi ikavunjwa. Wengine majina yao yameandikwa kwa namna tatu katika nyaraka tatu, na mfuko wa pensheni, ambao hauna kosa, unakataa kulipa watu watatu.

Ripoti ya jeraha iandikwe ndani ya siku 7, iwe na mashahidi wawili, na nakala yake apewe majeruhi mkononi siku hiyohiyo. Jeshi linapenda kuweka nakala moja mahali pamoja. Tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Marekani, lilishika moto na kuteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Hayakuwa na nakala nyingine. Maveterani wa enzi hizo, na wajane wao, walilazimika kujenga upya historia zao kwa hati za malipo, barua za zamani na viapo vya wenzao. Nchi ambayo leo kumbukumbu zake ziko kwenye kabati moja la chuma inangoja zamu yake.

Dai pia lianze kabla ya kuondoka. Marekani inapokea maombi kati ya siku 180 na siku 90 kabla ya tarehe ya kutoka jeshini, wakati mtu bado ana daktari wa kikosi, bado ana mshahara na bado anajua mlango wa masijala. Hata aliyechelewa, akiomba ndani ya mwaka mmoja tangu atoke, malipo yake yanahesabiwa kuanzia siku iliyofuata kutoka kwake. Tarehe ya kuanza kuhesabiwa ndiyo mstari ambao watu hawausomi kwenye barua ya uamuzi, nao ndio unaobeba malimbikizo. Mkiwa na nia ya kubadili kanuni moja tu mwaka huu, basi iwe hiyo: malipo yahesabiwe tangu kuachishwa, hata bodi ikikaa baada ya miezi 14. Ucheleweshaji wa bodi usiwe akiba ya hazina.

Mkupuo sasa, na kazi zake halali. Ya kwanza ni nyumba, lakini kwa mpangilio. Watu hujenga kabla ya kupima. Njia ya kupandia kiti cha magurudumu inahitaji urefu mara 12 ya kimo cha kupanda: ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo njia iwe na mita 5.4. Fundi asiyejua anaimwaga zege ya mita 2 kwa sababu kiwanja kinaishia hapo, na mwenye kiti anahitaji watu wawili wa kumsukuma kuingia kwake. Mlango uachie upenyo wa zaidi ya sentimita 80, na choo kiwe na nafasi ya kugeuka, duara la mita 1.5. Fedha za marekebisho zilipwe kwa hatua baada ya mtaalamu wa tiba kazi kuitembelea nyumba na kuacha mchoro. Mtaalamu huyo gharama yake ni ndogo kuliko zege moja ya kuvunjwa.

Kazi ya pili ni kulipa deni ambalo riba yake ni kubwa kuliko faida yoyote ambayo mtu angepata kwa kuwekeza. Hapo mkupuo una akili kabisa. Nyingine nyingi tunazoziona zikipendekezwa, kuanzia gari la biashara hadi duka la kwanza la mtu ambaye hajawahi kuuza hata chumvi, zingengoja mwaka mmoja bila hasara.

Kinyume chake, viungo bandia visitegemee mkupuo, kwa kuwa si gharama ya mara moja. Kigutu kinasinyaa katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza, kwa hiyo soketi, yaani kikombe cha mguu bandia kinachopokea kigutu, iliyokaa vizuri mwezi wa pili inalegea mwezi wa nane. Mtu anaanza kujaza soksi, tatu, nne, tano, ngozi inachubuka, mguu unawekwa uvunguni. Kwenye takwimu za wizara yeye ni "amepatiwa mguu". Mguu wenyewe, ukitumika kila siku, unadumu kama miaka 3 hadi 5. Soksi ya silikoni inayovaliwa ndani haimalizi mwaka au inaumaliza kwa shida. Mwenye miaka 28 akijaliwa kufika 68, kwa mguu mmoja kila miaka 4, anahitaji miguu 10. Tuseme mguu mmoja ni sawa na pensheni ya miezi 12 ya yule wa 1,000: ni 12,000, zikigawanywa kwa miezi 48 ni 250 kwa mwezi. Ndiyo ile robo aliyoiuza siku ya kurudisha sare.

Kwa hiyo viungo bandia, viti vya magurudumu pamoja na mito yake ya kuzuia vidonda, na vifaa vya kusikia vikae kwenye bajeti ya tiba yenye ratiba ya kubadilisha, visiwe posho iliyochanganywa na pensheni. Mto wa kiti ukibonyea, kinachofuata ni kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kinaweza kumlaza mtu wodini miezi. Anayekataa ombi la mto kwa kubana matumizi atalipia kitanda.

Mikopo tutaisema kwa ufupi. Malimbikizo yakishatangazwa, madalali wanajua kabla ya mwenyewe. Anapewa fedha leo kwa makubaliano kwamba pensheni ya miaka kadhaa itapita kwao. Ni kausha damu yenye mkataba mzuri. Sheria ya Marekani inazuia mafao ya veterani mwenye ulemavu kuhamishiwa mtu mwingine, na bado wanunuzi wa pensheni wanazunguka kwa kubadilisha majina ya mikataba. Sheria pekee haitoshi, basi: mfuko usikubali makato yoyote mapya kabla ya siku 14 kupita tangu ombi liingie, mwenye pensheni apigiwe simu kwa namba iliyo kwenye faili wala si ile iliyo kwenye ombi, na makato yote kwa pamoja yawe na kikomo ambacho chini yake pensheni haigusiki. Kadi ya benki iliyobaki kwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri ni jambo tunaloliona mara nyingi mno. Kubadilisha kadi kusihitaji mtu kusafiri.

Kuna watu ambao jeraha la ubongo limewaondolea uwezo wa kusimamia fedha, na hao wanahitaji msimamizi. Ila uteuzi huo ufuate kipimo cha uwezo wenyewe: anaelewa bili? anakumbuka alicholipa jana? anaweza kukataa anayemshinikiza? Usifuate jina la ugonjwa kwenye cheti. Tumeona kanuni zinazomweka chini ya usimamizi kila aliyeandikiwa dawa za akili, na matokeo yake ni kwamba watu wanaacha kwenda kutibiwa ili wasinyang'anywe akaunti. Msimamizi akiteuliwa, aandike hesabu kila mwaka, fedha zikae kwenye akaunti isiyochanganywa na yake, na mwenye pensheni abakiziwe kiasi cha mkononi kila wiki anachokitumia bila kuulizwa. Mtu mzima asiombe nauli ya kinyozi.

Wake, waume na mama wanaowahudumia hawamo kwenye vikokotoo vyenu. Anayeacha kazi ili amgeuze mtu kitandani kila saa mbili anapoteza mshahara wa leo na michango ya uzeeni pia. Posho ya mhudumu, pale ilipo, inaziba la kwanza tu. Mkiilipa, lipeni pamoja na mchango wake kwenye mfuko wa hifadhi. Na fomu ya wategemezi ifunguliwe upya kila baada ya ndoa, talaka au mtoto. Iliyojazwa siku ya kuandikishwa, mtu akiwa na miaka 19, ndiyo inayosomwa mazikoni, na wakati mwingine inamtaja mchumba aliyeolewa kwingine zamani.

Uhakiki wa wastaafu nao. Mantiki yake tunaielewa, wafu wasilipwe. Utekelezaji wake ndio unaotushangaza: asiye na miguu anaitwa makao makuu athibitishe kwamba anaishi, lifti haifanyi kazi, anarudi, jina linafutwa. Kumrudisha kunahitaji ombi jipya, na malimbikizo yanahitaji idhini ya ngazi nyingine. Uhakiki ufanyike hospitali anakotibiwa au kwa mtendaji wa eneo lake, na anayekosa asifutwe kabla hajatafutwa nyumbani mara mbili, siku tofauti.

Pingamizi tunalolisikia zaidi kutoka kwenu ni udanganyifu: tukilegeza, kila mtu atajitia kilema. Hofu hiyo ina msingi. Zimbabwe mwaka 1997 ililazimika kuunda tume kuchunguza mfuko wake wa fidia kwa waliojeruhiwa vitani, baada ya kuonekana kwamba vigogo waliokuwa wazima kazini walikuwa wamelipwa kwa asilimia kubwa za ulemavu. Mwaka huohuo serikali ikaahidi kila veterani malipo ya mara moja ya dola 50,000 za nchi hiyo ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na tarehe 14 Novemba sarafu yake ikaporomoka vibaya. Lakini tazameni mlango walioingilia walaji. Walipewa asilimia kubwa kwenye mfumo ambao jirani yao hakuweza kuona zilivyofikiwa. Aliyetambaa hadi dirishani akiwa na ripoti ya "aliteleza" hakuwa tatizo la mfuko ule. Daktari anayetoa asilimia awe mbali na aliyemleta mwombaji, madaktari wawili wasiwasiliane kabla ya kuandika, na kila faili la asilimia 80 kwenda juu lipitiwe na bodi ya mkoa mwingine. Hayo yanakamata wadanganyifu. Foleni ndefu haimkamati tapeli, kwa sababu ana wa kumpangia.

Kuhusu gharama ya kuendelea kulipa mshahara hadi pensheni ianze: fedha hizo mnadaiwa vyovyote vile. Zikilipwa kama mshahara leo au malimbikizo mwakani, hazina inatoa. Tofauti ni nani anabeba riba ya kipindi cha kati, na kwa sasa anaibeba askari, kwa mkopeshaji wa mtaani.

Mnaweza kuanza bila sheria mpya wala kikao cha bunge. Chukueni fomu ya mkupuo. Juu ya mstari wa saini ongezeni visanduku vitatu: asilimia iliyothibitishwa na namba ya barua ya bodi, tarehe ambayo pensheni ya kwanza ya mwezi iliingia benki, na jumla ya fedha ambazo mwombaji ataziacha hadi afikishe miaka 70, ikiwa imepigwa na kompyuta ya mfuko na kuandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Chini ya saini wekeni tarehe ya siku ya 60, ambayo hadi hapo anaweza kurudisha fomu na kubadili mawazo bila kutoa sababu. Kisha mwagizeni karani wa dirishani asipokee fomu yoyote ambayo kisanduku chake kimoja ni kitupu.

Wenu katika utumishi,

Waandaaji wa madai, mafundi viungo bandia na washauri wa fedha wa askari wenye ulemavu